Kengele ya Kengeleni: hotuba ya kuzindua mpango wa kanda dhidi ya ulanguzi wa binadamu

Ndugu kadhaa waliokosa ruhusa kazini, na wengine waliokwama njiani, wameniomba hotuba niliyoitoa Mombasa siku ya kuuzindua mpango wetu. Naiweka yote hapa kama nilivyoisema.

Waheshimiwa mliotoka serikalini, masheikh wetu, maaskofu na wachungaji, wazee wa mitaa, madereva na makondakta wa mabasi mlioacha hesabu ya siku nzima mkaja kukaa nasi, mama zangu, kaka na dada zangu, vijana. Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Hamjambo?

Na wageni wetu wa Tanga, Kampala, Kigali, Bujumbura na Goma, karibuni sana Mombasa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo nalisema neno hilo kwa uzito wake wote, maana maradhi tuliyokutania hapa hakuna nchi kati ya zetu inayoweza kuyatibu peke yake.

Niruhusuni nianze na kengele.

Mkitoka kisiwani mkavuka Daraja la Nyali, mnafika mahali panapoitwa Kengeleni. Wengi wetu tunapita pale kila siku. Makanga anaita, "Kengeleni, kuna wa kushuka?" nasi tunashuka, wala hatujiulizi kengele hiyo ni ya nini. Ipo. Imetundikwa kwenye mnara mdogo kando ya barabara. Pale ndipo Frere Town, kijiji kilichoanzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wazee husimulia kwamba kengele ile iliwekwa ili wafanyabiashara wa watumwa wakionekana wanakaribia, mtu avute kamba, kijiji kizima kijue.

Sasa jiulizeni pamoja nami. Watu wale walikuwa wameshaachwa huru. Soko la Unguja, pale Mkunazini, lilikuwa limeshafungwa Juni 1873, kwa mkataba alioutia sahihi Sultani Barghash. Sheria ilikuwepo. Mbona basi walihitaji kengele?

Waliihitaji kwa sababu soko lilifungwa na biashara ikaendelea. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja na Pemba mpaka 1897. Hapa pwani ya Kenya, mpaka 1907. Miaka 34 baada ya soko kufungwa! Na hata ile amri ya 1897 iliacha watu nje. Mnajua iliwaacha akina nani? Masuria. Wanawake waliokuwa ndani ya majumba. Wao waliambiwa wangoje, wakangoja mpaka 1909. Waliokumbukwa mwisho kabisa ni wale ambao jicho la mpita njia halikuwaona.

Siyasemi haya kumnyooshea mtu kidole, wala ukoo, wala dini. Sisi watu wa pwani hii ni wajukuu wa waliouza, wa waliouzwa na wa waliotazama, na mara nyingi damu hizo zote zimo ndani ya mtu mmoja. Nayasema kwa sababu kazi yangu mimi, leo hii, ni kuwapokea katika nyumba salama wanawake na watoto waliofungiwa ndani ya majumba ya watu. Bado ni wao tunaowakumbuka mwisho.

Tukubaliane kwanza tunazungumza juu ya nini. Sisi Wakenya tumezoea kusema ulanguzi wa binadamu. Ndugu zetu wa Tanzania wanasema usafirishaji haramu wa binadamu, na sheria yao ya 2008 inaitwa hivyo. Majina yote mawili ni mazuri, ila hilo la pili lina mtego wake. Mtu akisikia usafirishaji anawaza lori, mashua, vichaka vya mpakani, usiku wa manane. Mzazi mmoja aliwahi kuniambia, kwa moyo mweupe kabisa, "Mwanangu hakusafirishwa kiharamu. Alipanda basi mchana, na tiketi alikatiwa."

Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, yaani mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya ulanguzi, ambao sheria zetu nyingi zimechota humo, inataja vitendo vitano: kumwandikisha mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumhifadhi na kumpokea. Kusafirisha ni kimoja tu katika vitano. Kisha inatazama njia iliyotumika, iwe nguvu, vitisho, ulaghai au kuutumia unyonge wa mtu. Kisha inatazama nia, nayo ni kumnyonya. Mambo hayo yakikutana, huo ni ulanguzi, hata kama aliyelanguliwa hajavuka mtaa. Na akiwa mtoto, yaani yeyote aliye chini ya miaka 18, sheria haiulizi njia kabisa. Haiulizi kama alidanganywa. Haiulizi kama alikubali, wala kama mama yake alikubali. Inauliza jambo moja: alichukuliwa ili afanywe nini?

Tusichanganye jambo hili na magendo ya wahamiaji, ingawa ni majirani. Wale Waethiopia 64 waliokutwa wamekufa kwa kukosa hewa ndani ya kontena huko Tete, Msumbiji, Machi 2020, walikuwa wakivushwa kwa magendo. Mvushaji hulipwa, na kazi yake huishia ng'ambo ya mpaka. Mlanguzi faida yake huanzia pale safari inapoishia. Lakini nyinyi mnaofanya kazi mipakani mnajua jinsi mmoja anavyogeuka mwingine katikati ya njia. Aliyelipa avushwe anaambiwa nauli imepanda, anafungiwa chumbani, na nyumbani kwao simu inaanza kulia.

Basi. Sheria mtazisoma wenyewe. Mimi nimekuja na watu wanne ninaotaka muwabebe mkirudi kwenu.

Wa kwanza ni msichana mmoja na jozi yake ya viatu.

Alikuwa na miaka 13. Shangazi yake alikuja kijijini kwa matanga, na matanga yalipoanuliwa akamwambia mama mtu, "Nipe huyu mkubwa nikamsomeshe. Nawe upumue." Mama ana watoto wanne na shamba la kuazima. Angekataa kwa neno gani? Kufika mjini, shangazi akanunua sare ya shule. Akanunua viatu vyeusi vya ngozi, vipya, ndani ya boksi lake. Akamvisha mtoto, akamsimamisha mbele ya geti la shule, akampiga picha, akaituma kwa simu ya jirani. Mama yule aliizungusha ile picha kijiji kizima. Kanisani waliiona. Kwenye chama cha akina mama waliiona. Mwanangu anasoma mjini.

Kesho yake sare ilikunjwa ikarudishwa dukani. Viatu havikurudishwa, sijui kwa nini, vikawekwa juu ya kabati. Mtoto akaanza kuamshwa saa kumi alfajiri kukanda unga wa maandazi ya kuuza. Maji, nguo, vyombo, na mtoto mdogo wa shangazi wa kupeleka chekechea. Usiku alilala jikoni, miguu karibu na jiko. Hilo lilikwenda miaka miwili na nusu.

Aliyemwona ni mwalimu wa ile chekechea. Hakuona majeraha, wala hakusikia kilio. Aliona tu kwamba kila asubuhi msichana huyu akishamkabidhi mdogo, haondoki. Anasimama nje ya dirisha, anautazama ubao, na midomo yake inacheza. Alikuwa anasoma. Mwalimu akapiga 116, namba ya simu ya kuwasaidia watoto.

Tulipokwenda kumchukua tukamwambia akusanye vitu vyake. Akaelekeza juu ya kabati. Nikalishusha lile boksi mimi mwenyewe. Viatu vilikuwa bado vina karatasi ndani. Akakaa sakafuni akajaribu kuvaa, kisigino hakikuingia. Akajaribu tena. Akavishika mkononi, akaniuliza kama mdogo wake nyumbani vinaweza kumtosha.

Na shangazi alilia, ndugu zangu. Alilia kweli. Alisema, "Nimemlea kama mwanangu." Ninaamini alikuwa akisema anachokiamini, na hapo ndipo ugumu wa kazi yetu ulipo. Tunamtafuta mlanguzi mwenye miwani myeusi na gari la vioo vya giza, na kikulacho ki nguoni mwako. Anakuja kwenye matanga. Anajua jina la ukoo. Anashika mkono wa bibi na kuubusu.

Sisemi tuache kulea watoto wa ndugu zetu. Nusu ya waliokaa ukumbi huu wamelelewa na shangazi, mjomba au mama mdogo, mimi mmoja wao, na kama si mama yangu mdogo nisingekuwa nimesimama hapa. Ninachoomba ni maswali. Mzazi, uliza: shule gani? Mwalimu wake nani, na namba yake ya simu? Likizo atakuja lini? Na ukipiga simu, sema, "Mpe mwanangu aongee, nawe toka nje kidogo." Mwenye nia njema hatachukia. Akichukia, mawingu hayo umeshayaona, usingoje mvua.

Mtu wangu wa pili ni kijana wa kiume. Namleta makusudi, kwa sababu tukitaja ulanguzi tunawaza wasichana tu, na wavulana wanapotea tukiwatazama.

Huyu ana diploma ya kompyuta na Kiingereza safi. Aliliona tangazo la kazi ya huduma kwa wateja Thailand. Akasailiwa kwa video, mara mbili, na watu waliovaa tai. Tiketi akatumiwa. Alipotua Bangkok akapokewa vizuri, akapakiwa garini, na gari halikusimama mjini. Lilikwenda saa nyingi, mpaka kwenye mto. Ng'ambo ya mto ni Myanmar. Ndani ya ukuta kuna majengo, na ndani ya majengo kuna vijana wa mataifa mengi, kila mmoja mbele ya simu kadhaa.

Kazi ilikuwa kuwafanya watu wa mbali wapende. Anapewa picha za mwanamke mzuri na maneno yaliyoandikwa tayari, anazungumza na mjane au mzee mpweke wiki kwa wiki, mpaka amtumie pesa za kuwekeza. Asipofikisha kiwango, anapigwa. Akitaka kuondoka, ajinunue, na bei ni ya dola ambazo ukoo wao haujawahi kuziona. Agosti 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 huko Myanmar, na 100,000 huko Kambodia, wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa namna hii. Mwanzoni mwa 2025 maelfu waliachiliwa kupitia mpaka wa Myawaddy kuingia Thailand, na miongoni mwao walikuwemo Waafrika wengi, wakiwemo wa kwetu.

Kijana wangu alirudi. Mpaka leo simu yake haiwekwi mlio, kwa sababu meseji ikiingia mwili wake unashtuka wote kabla akili haijajua kwamba yuko Likoni. Na mnajua mtaani wanamwitaje? Tapeli. Mjomba wake alikataa kula naye meza moja.

Waheshimiwa majaji na waendesha mashtaka mlioko hapa, hili nawaelekezea nyinyi kwa heshima. Mtu aliyelazimishwa kutenda kosa kwa sababu ya kulanguliwa hastahili kuhukumiwa kwa kosa hilo. Msingi huu upo, na baadhi ya sheria zetu zimeuandika. Lakini ninawajua wasichana waliotozwa faini ya kukaa nchini bila kibali na nchi yetu moja ya kanda hii, huku aliyewaleta akiwa amesimama nje ya mahakama akiongea na simu.

Nitataja tarakimu mara moja tu, kisha niziache. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi za kulazimishwa, na milioni 3.3 kati yao ni watoto. Mwaka 2024 shirika hilohilo likakadiria faida ya kazi hizo kuwa dola bilioni 236 kila mwaka. Bilioni 236. Kwa hiyo mkiona tumezindua mpango, tukakodi ukumbi na kunywa chai, msidhani aliye upande wa pili amelala. Ana bajeti kutushinda, na hahitaji barua ya mwaliko kuvuka mpaka.

Wa tatu yupo hapa ukumbini, na ameniomba nisimsimamishe. Ni kondakta.

Usiku mmoja basi lake lilipakia abiria watano pamoja, mwanamume mmoja na wasichana wanne. Tiketi zote tano alikuwa nazo yule mwanamume. Vitambulisho vyote alikuwa navyo yeye. Kondakta akapita akiwahesabu watu wake, akamuuliza msichana wa dirishani, "Dada, unashuka wapi?" Msichana akamtazama yule mwanamume kabla ya kujibu. Akamuuliza wa pili. Naye akamtazama. Wa tatu akasema jina la mji, akalitamka vibaya, kama mtu anayelisoma kwa mara ya kwanza.

Kondakta yule hakuwa amehudhuria semina yoyote. Hakufanya fujo, hakumshika mtu shati. Alikwenda mbele, akajifanya anaongea na dereva, akampigia ofisa anayemfahamu mpakani. Basi lilipofika, ofisa akafanya jambo dogo ambalo ndilo nataka mlishike nyote mnaokaa kwenye madirisha ya uhamiaji. Alimuuliza kila msichana peke yake, chumba tofauti, na akampa maji kwanza. Wanne wakatoa hadithi nne za kazi nne tofauti, na hakuna aliyejua jina la mwajiri.

Huyo alivuta kamba ya kengele. Wangapi kati yetu wangeivuta? Na niseme na lile ambalo halisemwi kwenye uzinduzi: angekuwa amempigia ofisa mwingine, huenda simu ile ingemfikia yule mwanamume kabla ya basi. Penye udhia penyeza rupia. Tunaujua msemo huo, tunaucheka, na kwa msemo huo wamepitishwa watoto. Kenya sheria yetu ya 2010 inaweka kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Ni sheria yenye meno. Uganda wana yao ya 2009, Burundi ya 2014, Rwanda ya 2018, Kongo ya 2022. Meno yote hayo hayaumi noti iliyokunjwa ndani ya pasipoti.

Na sasa mtu wangu wa nne. Huyu ni mgumu kwangu, mnivumilie.

Alikuwa binti wa jirani yangu. Alipata kazi ya ndani Uarabuni, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomsindikiza. Tulisoma dua barazani. Tulichanga. Mama yake alikuwa amekopa kwenye chama kumlipa ajenti aliyesema viza ni ya bure, kisha akadai ya picha, ya vipimo, ya muhuri, ya haraka. Sikuuliza kama ajenti huyo amesajiliwa. Mimi, ambaye kazi yangu ni hii! Niliona furaha ya watu nikaona haya kuiharibu. Nikampa sanduku langu la buluu, la magurudumu, nikamwambia, "Urudi nalo limejaa."

Kule pasipoti ilichukuliwa siku ya kwanza, ikafungiwa kwenye kabati la bosi. Mkataba aliosaini nyumbani ulikuwa wa nyumba moja, akajikuta anafanya kazi nyumba tatu za ndugu. Mshahara wa miezi ya mwanzo ukazuiwa "kufidia gharama". Chini ya mfumo wa kafala mwajiri ndiye mdhamini, ndiye anayekushika, na ukikimbia unaripotiwa kuwa mtoro, wewe ndiwe unayetafutwa. Nchi kadhaa za huko zimelegeza mfumo huo miaka ya karibuni. Lakini tazameni vizuri walioachwa nje ya malegezo hayo mara nyingi ni akina nani. Wafanyakazi wa ndani. Mnaikumbuka ile amri ya 1897?

Alirudi baada ya miezi 19. Alishuka stendi saa tisa alasiri, akiwa na kiroba kimoja mkononi. Kutoka stendi mpaka kwao ni mwendo wa dakika kumi. Hakwenda. Alikaa chini ya mwarobaini, karibu na muuza mahindi, mpaka adhana ya isha. Alikuwa anangoja giza ili asionekane anarudi na kiroba.

Alipoingia, mtoto mdogo wa kaka yake akamrukia: "Shangazi, umetuletea nini?" Ni mtoto, hana kosa. Lakini asubuhi wakaja watu wazima, wakauliza lilelile kwa maneno ya kiutu uzima. Mbona hujanenepa? Mbona wa nyumba ya tatu kajenga? Ulimfanya nini bosi wako mpaka akakufukuza? Na wa chama wakaja na daftari.

Mimi nilikwenda siku ya pili. Nilikuwa nimejiandaa, nina maneno ya kazi yangu, najua namna ya kumsikiliza manusura. Kabla sijakaa akaniambia, "Mama, samahani. Sanduku lako lilibaki kule."

Sanduku nilikuwa nimelisahau. Yeye alikuwa amelibeba moyoni safari nzima.

Sikulala usiku ule, na kwa kweli mpango huu tunaouzindua leo kwangu ulianzia pale barazani. Nilielewa kwamba mlanguzi hahitaji mnyororo kama sisi tunampa aibu. Wangapi hawatoroki kwa sababu hawana nauli? Wapo. Na wangapi hawatoroki kwa sababu wanamwogopa yule mtoto anayeuliza umetuletea nini? Aliyerudi anajificha, hasemi. Asiposema, ajenti yuleyule anarudi mtaa uleule, anakaribishwa chai, na dada wa nyumba ya pili anapiga picha za pasipoti.

Ndiyo maana mtaona tumeanza na mambo ambayo wengine wameyaona madogo. Kabla ya vifaa vya uwanja wa ndege tumeweka mabaraza ya mitaa, misikiti, makanisa na vyama vya akina mama, kwa sababu kengele inafaa ikilia kabla mtu hajafunga mzigo. Makondakta na madereva wa njia za Lunga Lunga, Namanga, Busia, Malaba na Mutukula watapata mafunzo, na namba za kupiga zitakazopokelewa usiku. Katika kila kituo kilichoko ndani ya mpango, msafiri anayetiliwa shaka atahojiwa peke yake, na anayehoji atakuwa mtu anayejua lugha yake. Fomu itakuwa moja pande zote za mpaka, ili mtoto aliyepatikana Kampala akitokea Napak, au Nairobi akitokea Singida, asilazimike kusimulia alivyopigwa mara saba kwa watu saba.

Kuhusu maajenti, sikilizeni, vijana. Kenya ipo Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, Tanzania ipo ofisi ya serikali inayoshughulikia kazi na ajira, Uganda ipo Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Huko ndiko maajenti husajiliwa, na usajili unaweza kuulizwa. Kuuliza hakuvunji undugu. Tunataka orodha hizo zisomeke kutoka nchi moja hadi nyingine, kwa sababu ajenti anayefutiwa leseni upande mmoja hufungua ofisi upande wa pili kwa jina la mke wake. Piga nakala ya pasipoti, nakala ya mkataba, na namba ya ubalozi, uache nyumbani kwa mtu mmoja unayemwamini. Na mkubaliane neno la siri. Binti mmoja aliokolewa kwa sababu aliwaambia wa kwao kwenye simu, bosi akisikiliza, "Msalimieni babu," na babu alikuwa amekufa miaka mingi.

Kwa mtoto aliye hatarini, 116. Kenya ni hiyo, Tanzania ni hiyo, Uganda ni hiyo. Ni bure. Iandikeni sasa hivi, nitangoja.

Na sehemu ya mpango iliyoleta mabishano marefu kuliko zote ni ile ya waliorudi. Tulibishana juu ya madeni. Wapo waliosema si kazi yetu kuingia kwenye daftari za vyama. Mimi nilishikilia, na nashukuru wenzangu walinikubalia, kwamba mtu hawezi kupona huku akidaiwa nauli ya kwenda kuteswa. Tutakaa na vyama, mmoja mmoja, tuombe muda, tuombe riba ifutwe, na pale inapowezekana tutafute namna ya kulipia. Nawaomba viongozi wa vyama mlioko hapa, msingoje tuje. Na masheikh na wachungaji, mkihubiri Ijumaa na Jumapili, waambieni waumini swali la kumuuliza aliyerudi. Lipo moja tu. Umekula?

Nimemaliza yangu. Mratibu ananionyesha saa.

Yule binti wa jirani yangu yupo nasi leo, na atazungumza mwenyewe, kwa muda atakaotaka. Alinipigia jana usiku akasema atakuja kwa sharti moja, kwamba asipigwe picha. Nawaomba basi, pamoja na ndugu zetu waandishi wa habari, simu zote ziwekwe kifudifudi mezani. Na zile kamera mbili za nyuma, tafadhali. Asanteni. Bado moja, pale mlangoni. Asante, baba.

Karibu mbele, mwanangu.